Damu ya Mzee

Ofisi iko ghorofa ya nne, lifti mbovu tangu Pasaka,
na Casilda Yujra ndiye anayeipaka ramani rangi.
Kila Machi wilaya humjia zikiwa nambari:
wanawake waliouawa, kwa kila watu laki moja.
Chini ya mmoja, rangi ya maziwa.
Mmoja hadi watatu, manjano ya kiini cha yai.
Kisha chungwa, kisha nyekundu,
na ya mwisho kabisa, damu ya mzee.

Hujiuliza nani aliipa rangi hiyo jina,
maana katika majalada yaliyo mezani
mzee hayumo.
Yumo mshona sketi wa miaka kumi na tisa.
Yumo mpishi wa kambi ya dhahabu, aliyedai mshahara wake
akasahau kwamba anayemdai ndiye anayelala naye.
Yumo mwalimu aliyekwisha kufungasha,
tiketi ya basi la alfajiri ndani ya kiatu.

Don Evaristo, mkuu wake, huja na chai ya koka,
husimama nyuma ya kiti, huiangalia skrini.
"Unaona? Ni joto hilo.
Watu wa bondeni damu yao inachemka.
Sisi wa milimani tu wapole."

Siyo kwamba bonde linasingiziwa.
Kule dhahabu hulipwa usiku
na bunduki huazimwa kama koleo.
Kule wanakufa kweli, tena wengi.
Lakini kule yupo pia Yovana Tarupayo,
mwendesha mashtaka mwenye pikipiki
na daktari mmoja asiyeogopa kuamshwa.
Akiambiwa, "Huyu kajinyonga,"
huuliza, "Fundo limefungwa kwa mkono upi?"
Kila swali lake huongeza wino kwenye ramani.

Chullunkani ni rangi ya maziwa.
Casilda alizaliwa Chullunkani.
Hospitali iko mwendo wa saa kumi na moja kwa lori,
mvua ikiruhusu,
na karani wa vifo ni shemeji wa kila mtu.
Katika daftari lake la zamani, mstari wa saba:
*Saturnina Yujra, miaka thelathini na miwili.
Alianguka korongoni usiku akitafuta kondoo wake.*

Shangazi Saturnina hakuwa na kondoo.
Aliuza nyuzi.
Aliogopa giza, chooni alisindikizwa na taa na mtoto,
na mtoto huyo alikuwa Casilda.
Mumewe alilia kuliko waombolezaji wote.
Alichinja, watu wakala.
Casilda, miaka tisa, alikula pia.
Nyama ilikolea chumvi vizuri.

Sifuri ni neno la mtu aliyehesabu.

Saa tisa alasiri anaifuta ile rangi ya maziwa,
anatia mistari ya kijivu, mshazari,
kama mvua ya mbali inayonyeshea mlima wa watu wengine,
na pembeni, kwenye ufunguo wa ramani, anaandika:
*Hapa hatujauliza.*

"Hicho si kipimo," asema Don Evaristo.
"Si kipimo," anakubali,
na kidole chake kimeshabonyeza.

Mashine inakohoa.
Nakala ya kwanza, sawa. Ya pili, sawa.
Wino mwekundu ndio huisha kwanza, kila mwaka,
na ofisi hununua rangi zote kwa idadi sawa.
Kufikia ya tano bonde limekuwa waridi,
ya saba limepauka kama kitambaa cha meza,
unaweza kudhani kule nako
wanawake huanguka tu.

Kinachosomeka ni ile mistari.

Don Evaristo anaiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha,
anaitazama muda mrefu kuliko nambari zinavyohitaji.
Yeye ni wa kijiji cha tatu baada ya Chullunkani.
Hasemi kitu.
Anapuliza chai ambayo imeshapoa.

Casilda anachukua koti,
anashuka ngazi za ghorofa nne kwenda kutafuta wino.